Mguu Utangulie Jicho

*Programu zinazoigiza ndege za kivita za Vita Kuu ya Pili ya Dunia zinalaumiwa kwa kufanya kupaa kuwe kugumu kupita kiasi. Lawama hizo zina ukweli kidogo, lakini zimeelekezwa pasipostahili.*

Spitfire imesimama katikati ya njia ya kurukia ya uwanja wa Manston, pwani ya Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza. Pangaboi lake lenye mapanga manne limegeuka duara la kijivu, na mshale wa joto la injini unapanda taratibu, kwa hiyo hakuna muda wa kusitasita. Mwanafunzi anasukuma wenzo wa nguvu. Kwa sekunde mbili kila kitu ni shwari. Kisha pua inaanza kwenda kushoto, polepole, kama mtu aliyesikia akiitwa. Anakanyaga pedali ya kulia, amechelewa. Anakanyaga zaidi; amezidisha. Ndege inafyatuka kwenda kulia, bawa la kushoto linainama mpaka ncha yake inakwaruza chini, pangaboi linajikunja, injini inazima. Anabonyeza kitufe kimoja, na Spitfire nyingine, nzima bila mkwaruzo, iko palepale inamsubiri.

Tukio hilo huwapata karibu wote wanaoanza kurusha ndege za kale kwenye simuleta, yaani programu za kompyuta zinazoigiza urukaji, kama DCS World au zile za jina la IL-2 Sturmovik zilizoanza kutoka mwaka 2001. Cha ajabu ni kwamba watu haohao, wakianzishiwa ndege ikiwa tayari angani, hupinda, hupanda na kufukuzana bila taabu kubwa. Wakipewa jeti ya kisasa, hupaa siku ya kwanza. Ni zile mita mia chache za mwanzo za ndege ya mwaka 1943 zinazowatia aibu, na aibu hutafuta wa kulaumiwa. Wapo wanaosema programu imetiwa chumvi, kwamba ndege ya hivyo isingeweza kurushwa na vijana wa miaka 19. Wapo waliozoea ndege halisi wanaosema kinyume chake: simuleta ni mchezo tu, haiwezi kufundisha kupaa kwa kuwa mwili haumo. Na wapo wasiotaka ugomvi na mtu: kuna kitufe cha msaada, kiwashwe, watu waende wakapigane. Makala haya hayakubaliani na upande wowote kati ya hizo. Kupaa ndilo somo bora kuliko yote ambayo simuleta ya ndege za kale inaweza kutoa, ila linamwingia tu yule anayekubali kwamba kiti cha nyumbani kimemfungia mlango mmoja wa fahamu, na akabadili kazi ya miguu yake kwa sababu hiyo.

Pia inayozunguka puani

Tuanze na ndege yenyewe. Ndege nyingi tunazopanda leo zina gurudumu la tatu chini ya pua. Spitfire, Messerschmitt Bf 109, Mustang na Corsair zote zinalo mkiani, na kitovu cha uzito wake kiko nyuma ya magurudumu makubwa mawili. Dereva wa lori aliyewahi kurudisha tela nyuma anajua maana yake. Lori likienda mbele, tela hufuata lenyewe. Likirudi nyuma, tela likishaanza kukunja, kila hatua inalizidishia kukunja, na dereva asiyerekebisha mapema hujikuta anatazamana na mzigo wake mwenyewe. Ndege yenye gurudumu mkiani hukimbia mbele ikiwa na tabia ya tela linalorudishwa nyuma.

Juu ya tabia hiyo, pangaboi linaongeza vituko vyake. Chukua ndege ambayo pangaboi lake, likitazamwa kutoka kiti cha rubani, linazunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa, kama ilivyo kwa Spitfire yenye injini ya Merlin. Injini inalisukuma pangaboi upande mmoja, nalo linaujibu mwili wa ndege kwa kuusukuma upande wa pili, hivyo gurudumu la kushoto linabeba uzito zaidi na kukokotwa zaidi na ardhi. Upepo unaotupwa nyuma hauendi moja kwa moja. Unajiviringisha kuuzunguka mwili mpaka unapiga ubavu wa kushoto wa mkia. Tena, maadamu mkia ungali chini, pangaboi limelala kidogo, na panga linaloshuka upande wa kulia linauma hewa zaidi kuliko lile linalopanda. Halafu mkia unapoinuka ndipo pangaboi linapojionyesha kuwa ni pia. Pia inayozunguka, ukiigusa kwa kidole, haiendi ulikoisukuma. Inakwepa kwenda pembeni. Pangaboi zito linaloinamishwa mbele ghafla hukwepa vivyo hivyo, na pua inafuata.

> Nguvu nne tofauti, na zote zimeafikiana: pua iende kushoto.

Dawa ya yote haya ni usukani wa mkiani, unaoongozwa kwa miguu, nao ni dhaifu wakati ule ule unapohitajika zaidi. Nahodha wa jahazi hahitaji kuelezwa hili: chombo kisicho na mwendo hakisikii usukani. Ndiyo maana rubani wa ndege hizi anakanyaga pedali karibu mpaka mwisho mwanzoni, kisha anaiachia kidogo kidogo kadiri kasi inavyoongezeka na usukani unavyoanza kushika hewa. Mguu ukibaki palepale, ule ule uliokuwa sahihi sekunde tatu zilizopita unakuwa kosa.

Shida haikugawanywa sawa kwa kila ndege. Miguu ya magurudumu ya Bf 109 ilifungwa mwilini badala ya mabawani, ili mafundi waweze kuvua mabawa ndege ikiwa imesimama kwa magurudumu yake. Bei ya urahisi huo ilikuwa magurudumu yaliyokaribiana na ndege iliyopenda kulala ubavu. Tena rubani wake hakuwa na namna ya kurekebisha kibapa cha usukani akiwa kitini, kile kibapa kidogo ambacho kwenye ndege nyingine hupunguza kazi ya mguu, hivyo kazi yote ikabaki ya misuli. Mustang ilikuwa nacho, na kitabu cha rubani wake kilitaka kiwekwe digrii 5 au 6 kulia kabla ya kuachia breki. Corsair ya Wamarekani ilibeba injini ya silinda 18 yenye nguvu za farasi 2,000, pangaboi la upana wa mita 4 hivi, na pua ndefu iliyomfanya rubani asione kilicho mbele yake. Jeshini ilipewa jina la utani lenye maana ya mfyekaji wa maofisa wapya.

Hakuna kiti cha pili

Roald Dahl, ambaye baadaye angejulikana duniani kwa vitabu vya watoto, alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam vita vilipoanza. Mwishoni mwa mwaka 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza, akaanza kujifunza kwa Tiger Moth, ndege ya mafunzo yenye injini ya nguvu za farasi 130 hivi, na baada ya saa 7 na dakika 40 akaachiwa airushe peke yake. Alipokwisha kupata mafunzo zaidi Iraq, alikabidhiwa Gloster Gladiator, ndege ya kivita ya kiti kimoja, bila mafunzo yoyote maalumu ya ndege hiyo. Mwaka 1941 akaingia vitani Ugiriki na Hurricane, ambayo injini yake ilizidi nguvu za farasi 1,000. Safari yake haikuwa ya ajabu kwa wakati ule. Ndege ya kiti kimoja maana yake ni kwamba mkufunzi anaweza kusimama juu ya bawa, akamwonyesha mwanafunzi vipimo na wenzo, akamuuliza maswali mawili matatu, kisha akashuka. Mara ya kwanza mwanafunzi kupaa na mashine ile, yuko peke yake. Spitfire za viti viwili zilitengenezwa, lakini kama ndege ya mafunzo zilikuja vita vikiwa vimekwisha.

Gharama ya ufundishaji huo inajulikana. Katika miaka ya vita, jeshi la anga la Marekani lilipoteza karibu watu 15,000 kwa ajali za ndege zilizotokea ndani ya Marekani kwenyewe, mbali kabisa na bunduki ya adui yeyote. Si wote waliokufa wakipaa, wala si wote walikuwa wanafunzi. Lakini sehemu kubwa ya mbinu ambazo leo zimeandikwa vizuri kwenye vitabu vya marubani zilijulikana kwa njia hiyo, mtu mmoja mmoja.

Simuleta zilikuwepo tangu zamani hizo, na hapa wapinzani wana hoja nzuri. Edwin Link, kijana wa Binghamton, New York, ambaye familia yake ilitengeneza piano na vinanda, alikamilisha mwaka 1929 sanduku lenye mabawa mafupi lililoyumba na kuinama kwa nguvu ya viriba vya hewa vilevile vilivyotumika kwenye vinanda. Jeshi la anga la Marekani halikulijali mpaka mwaka 1934, lilipoamriwa kubeba barua kwa ndege na marubani wake wakaanza kufa kwenye mawingu na giza. Mwaka huohuo likanunua masanduku 6. Kufikia mwisho wa vita, marubani wa mataifa ya washirika waliopitia humo walihesabika kwa malaki. Ila tazama lilichofundisha: kusoma vipimo mtu asipoona nje. Kupaa kuliachiwa ndege halisi. Watu wa 1940 walijua kwamba kuna mambo ya kichwani yanayofundishika ndani ya sanduku, na kuna mambo ya makalio na miguu yasiyofundishika humo. Je, kompyuta ya leo imeuvuka mpaka huo? Nitalijibu hilo, ila kwanza tumalizane na wanaosema programu inatia chumvi.

> Simuleta inamrudishia mwanafunzi upweke wa rubani wa 1940, ila imeondoa jeneza.

Chumvi iko wapi?

Tuseme ukweli: mtu anayepaa kwenye simuleta mara nyingi yuko kwenye mazingira magumu kuliko ya rubani wa 1940, lakini mazingira hayo ameyachagua mwenyewe. Viwanja vingi vya ndege za kivita vya Uingereza wakati wa mapigano ya mwaka 1940 vilikuwa mbuga ya nyasi, pana kila upande. Rubani alielekeza pua upepo unakotoka, akapaa. Ndege ikipotoka digrii 10, aliendelea na safari kwa mwelekeo mpya na hakuna aliyemcheka. Tena nyasi huacha magurudumu yateleze kidogo pale ambapo lami huyang'ang'ania. Mwanafunzi wa leo anaiweka Spitfire yake kwenye ukanda mwembamba wa lami, upepo ukija wa ubavuni, kisha anahesabu kila mita aliyotoka katikati ya mstari kuwa ni kushindwa. Aipe Spitfire nyasi na upepo wa mbele, aone ni kiasi gani cha ile "chumvi" kitabaki mezani.

Jambo la pili ni mkono. Wanaoanza wengi husukuma wenzo wa nguvu mpaka mwisho, maana ndivyo ndege zinavyopaa kwenye sinema. Kitabu cha rubani wa Spitfire Mk IX hakikusema hivyo. Kilisema kwamba kwa uzito wa kawaida, shinikizo la paundi 7 hadi 9 za hewa iingiayo kwenye injini latosha kupaa, ilhali injini hiyo iliweza kwenda mpaka 18. Rubani wa kweli, mwenye kila sababu ya kutaka kuondoka chini haraka, alishauriwa atumie nguvu pungufu na kuiongeza polepole. Anayekaa nyumbani bila haraka yoyote anaimwaga yote kwa mkupuo, kisha anaandika malalamiko. Programu nzuri imemfanyia kile ambacho Merlin ingemfanyia.

Hapo ndipo ninapoona lawama zimeenda mrama. Tukiwaomba watengenezaji walegeze pua ya Spitfire ili wengi wafurahi, tutapata ndege yenye sura ya Spitfire na tabia ya ndege nyingine. Na hilo si jambo dogo, kwa sababu kati ya Spitfire zaidi ya 20,000 zilizotengenezwa, zinazoruka leo ni makumi tu, na saa za kurushwa kwake zinapimwa kama dawa. Ujuzi wa kuipaisha uko miguuni mwa watu wachache sana, tena wengi wao si vijana. Wachache hao nao hawakuanzia hapo: njia ya kawaida hupitia ndege ndogo ya mafunzo yenye gurudumu mkiani, kisha Harvard, ndege ya viti viwili iliyowalea marubani wa vita vile, ndipo Spitfire. Simuleta inayosema kweli ndiyo mahali pekee ambapo mtu wa kawaida, wa Tanga au wa Toronto, anaweza kuujua ugumu ule ulikuwa wa namna gani.

Kile ambacho kiti hakisemi

Sasa hoja ya mwili, ambayo ndiyo nzito. Mashirika ya ndege yanaonekana kuimaliza: rubani mzoefu anaweza kufuzu aina mpya ya ndege kwa simuleta peke yake, na mara yake ya kwanza kupaa na ndege halisi abiria wakawa wameketi nyuma. Lakini mashine hizo husimama juu ya miguu ya mitambo inayozitikisa na kuziinamisha, bei yake ni mamilioni ya dola, na ndege zinazoigizwa zina gurudumu la puani. Anayeutumia mfano huo kutetea joistiki ya mezani anajidanganya.

Kwenye ndege halisi, pua inapoanza kukimbia, mwili hujua kabla ya jicho. Kiti kinateleza kidogo chini ya mapaja, bega linaegemea ukuta, sikio la ndani linapiga kelele, na mguu wa mtu aliyefunzwa tayari umekanyaga. Marubani wa Kiingereza wana msemo wa kurusha ndege kwa kiti cha suruali, na kwa gurudumu la mkiani msemo huo si utani. Nyumbani kiti kimetulia tuli. Habari inafika kwa njia moja tu, kioo, tena kioo ambacho karibu chote kimezibwa na pua ya ndege. Mpaka jicho lione mwelekeo umebadilika, mzunguko umeshapata nguvu, na mguu ukija sasa unakuja na deni. Kosa la yule mwanafunzi wa Manston halikuwa ujinga wa nguvu zile nne. Alizijua. Alisubiri kuziona.

Kwa hiyo mpaka walioujua watu wa 1940 bado upo, ila umesogea. Kwenye simuleta mguu hauwezi kuwa mjibu. Lazima uwe mtangulizi. Pedali ya kulia inakanyagwa kwanza, na wenzo wa nguvu unaifuata, si kinyume. Kabla ya hapo ndege imesogezwa mita chache mbele ili gurudumu la mkiani lijinyooshe, na kwenye Mustang fimbo ya kuongozea imevutwa nyuma ili gurudumu hilo lijifunge. Macho hayatazami pua, maana hakuna cha kuona huko. Yanalegea na kushika kingo mbili za njia kwa wakati mmoja, kushoto na kulia, na ukingo mmoja ukianza kunenepa mguu unagusa na kuachia, unagusa na kuachia, kama mtu anayepiga mashine ya kushona ya miguu. Mkia unaachwa uinuke wenyewe. Anayeusukuma juu kwa fimbo anaichokoza ile pia. Wenye miwani ya uhalisia pepe (VR) wana nafuu, kwa kuwa kona za macho zinapata kazi. Wenye pedali za miguu wana nafuu zaidi, ingawa si za bei rahisi. Joistiki inayozungushwa kwa kifundo cha mkono inatosha kwa kuanzia, mradi mtu ajue kwamba kila anapovuta fimbo atakuwa anaizungusha kidogo bila kutaka.

Je, huko ni kupaa au ni hila ya kompyuta? Naona ni kupaa kulikopitia mlango mwingine. Mpangilio wa mambo ni ule ule, nguvu ni zilezile, na kosa linaadhibiwa vilevile. Aliyepaa mara mia kwa simuleta hajawa rubani wa Spitfire, wala asije akaambiwa hivyo na rafiki zake. Lakini akiketi siku moja ndani ya Super Cub, zile ndege ndogo zenye gurudumu mkiani zinazolinda wanyamapori Tsavo hadi leo, hatahitaji kuelezwa kwa nini mkufunzi anamgombeza kuhusu miguu.

Msaada unaoficha

Kuhusu kitufe cha msaada, sina ugomvi na anayetaka kucheza. DCS ina kipimo cha msaada wa kupaa kwa baadhi ya ndege zake za kale, kinachoweza kushushwa kutoka 100 hadi 0, na huko kushuka taratibu ni ngazi halali kabisa. Ubaya wa kukiacha juu ni kwamba kinamfundisha mtu uongo: anadhani mguu wake umetosha, kumbe amekanyagiwa. Programu hiyohiyo inatoa bure Mustang ya mafunzo, na kuanza na hiyo, msaada ukiwa nusu, kisha robo, kisha hakuna, kunafaa kuliko kununua ndege ya bei na kuipaisha kwa mkono wa mtu mwingine.

Mguu uliokariri

Anayetaka ushahidi kwamba kiti cha nyumbani kimefundisha kitu, asiutafute kwenye Spitfire ile ile aliyoizoea. Vita vikiendelea, Waingereza waliitoa Merlin ya lita 27 wakaweka Griffon, ya lita karibu 37, kwenye Spitfire mpya kama Mk XIV. Injini hiyo inazungusha pangaboi kinyume. Nguvu zote nne zikahama upande, na marubani waliokuwa na mamia ya saa kwenye Spitfire za zamani walionywa kwa maandishi kwamba ndege hii itakimbia kulia. Wengine walisoma onyo, wakalielewa, na bado mguu wa kulia ukakanyaga.

Mk XIV imo pia kwenye IL-2. Mtu aliyemaliza wiki kadhaa akiitawala Mk IX anaifungua, anajikumbusha kwa sauti kwamba leo ni kushoto, anaweka ndege katikati ya njia na kuongeza nguvu. Kabla hajafikiri lolote, mguu wa kulia umeshashuka, na ndege ya tani karibu nne inaondoka kwenda kulia, ikivuka lami na kuingia kwenye nyasi.